Atomaiza haina omu, jamani

Jana meseji nyingine ya mambo ya vepu, yaani sigara ya kielektroniki. "Kaka, RDA yako ni ya omu ngapi? Mi yangu ni 0.3 afu inanipa ladha ya kuungua, nishuke mpaka 0.15?" Sijui hii ni ya ngapi mwaka huu, nimeacha kuhesabu. RDA, ile atomaiza ya kudondoshea juisi (kimiminika cha kuvuta), haina omu! Omu ni ukinzani wa koili, ule waya wa kukunja unaopata moto na kugeuza juisi kuwa mvuke. RDA yenyewe ni deki (kitako), nguzo mbili, skurubu, kofia na matundu ya hewa, basi. Kuuliza ina omu ngapi ni sawa na kuuliza sufuria ina chumvi kiasi gani, si inategemea umetia nini?

Na utamu wa hizi atomaiza za kujikunjia uko hapo hapo, unatia mwenyewe. Koili ya kiwandani ikiungua unatupa yote, chuma na pamba na kikopo chake. Huku unachomoa pamba, unaichoma koili ikiwa kavu mpaka uchafu uwe jivu, unaisuuza, pamba mpya, dakika 5 unavuta. Koili ile ile wiki kadhaa.

Sasa hii dini ya omu ndogo. Imetoka kwenye modi (kile kifaa cha kubebea betri) za mekanika, zile hazina chipu, betri iliyojaa ina volti 4.2 na zote zinagonga koili moja kwa moja, so njia ya kuongeza moto ni kushusha omu. Kule omu ni uhai na kifo: 4.2 gawanya kwa 0.1 unapata ampea 42, na betri za saizi ya 18650 hata zile nzuri nyingi zinaishia ampea 20 mpaka 30 za mfululizo, piga hesabu kabla hujabonyeza, sirudii. Lakini wewe una modi ya chipu! Ukiiambia wati 50 inatoa 50, koili iwe 0.3 iwe 0.6, volti inajipangia yenyewe.

Kinachobadilika ni chuma. Chukua waya wa Kanthal (mchanganyiko wa chuma, kromu na alumini) wa geji 28, unene kama milimita 0.32, kunja koili ya omu 1. Halafu chukua geji 24, milimita 0.51, kunja mpaka nayo isome omu 1. Namba moja kabisa, ila ya pili imekula waya mrefu mara mbili na nusu, tena mnene zaidi, kwa hiyo uzito wa chuma ni kama mara 6 na eneo la kugusa juisi kama mara 4. Zipe zote wati 40: ya kwanza inalipuka na kukuchoma koo, ya pili inajivuta kwanza kama mtu aliyeamshwa usiku, afu inakupa mvuke mwingi wa uvuguvugu. Omu imekwambia nini hapo? Hakuna.

Kabla ya pamba, wati chache, bonyeza kidogo kidogo, koili iwake kuanzia katikati kwenda pembeni. Ikianzia pembeni, achia kitufe, bana na kibano cha seramiki, rudia. Twende.

Pamba sasa, ndo inayopeleka juisi kwenye koili. Hapa ndo watu wanaharibu, na hakuna anayeniulizia pamba hata siku moja, wote omu omu omu. Ukiipitisha ndani ya koili inatakiwa ikwaruze kidogo, ukivuta ifuate bila koili kupinda. Ikipwaya, mvuke unakuwa mwepesi na matone yanakurukia mdomoni. Ikibana, juisi haipandi, hasa hizi zenye glisirini nyingi maana ni nzito na zinatembea taratibu, unapata mvuto mkavu na siku yako imeharibika. Na glisirini ikiunguzwa kavu inatoa akrolini, hiyo si ladha mbaya tu, ni sumu, so usijikaze kumalizia mvuto. Mikia, zile ncha za pamba zinazotokeza nje ya koili, ndo kabisa! Kwenye RTA (atomaiza ya kujikunjia yenye tenki la juisi) mikia inatakiwa ikae juu ya matundu ya juisi kama pazia, siyo kama kizibo, ichambue na ncha ya kibano ipungue nyama, ukiiminya unakausha, ukiipunguza mno tenki linavujia mfukoni. Mimi mwenyewe RTA mpya naikosea mara mbili tatu kabla haijanikubali, na kuna moja niliigawa kwa hasira.

Kingine niwe mkweli. Nawakunjia watu klaptoni, zile waya ndani waya mwembamba juu, na nasema zina ladha zaidi. Mifereji yake inashika juisi, hilo naliona kwa macho. Ila ukinifunga kitambaa machoni, ukaniwekea klaptoni na waya wa kawaida wenye eneo lile lile, sina hakika ntazitofautisha. Nikromu (waya wa nikeli na kromu) na Kanthal ndo kabisa, nikromu inawahi kupata moto sawa, ila wanaosema wanasikia utofauti wa ladha nadhani wanasikia jina. Na kama huvuti kabisa usianze kwa sababu koili zinang'aa vizuri, nikotini ni nikotini.

Yule jamaa nikamwambia atume picha. Koili safi kabisa, haina kosa. Mikia ya pamba imeshindiliwa kama mto wa kulalia. Nikamwambia kata theluthi, chambua, lowesha, subiri kidogo, usiguse omu. Baada ya nusu saa: "Kaka imekubali!! ladha imerudi yote. So sasa nishuke 0.15?"