Mama wa omena hana mizani

Programu yetu ya kuweka hesabu za biashara ilikuwa na kisanduku kilichoandikwa "Kilo". Tulikuwa tumeijaribu kwa watu saba, wote wa karibu: niliosoma nao, binamu yangu mwenye duka la nguo, majirani wa ofisini hapa Kisumu. Hakuna aliyekwama. Jumapili moja, siku soko la Kibuye linapofurika, nikampa simu mama anayeuza omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria. Akakitazama kile kisanduku, kisha akaniuliza, "Nyathina (mwanangu), hapa naandika nini? Mimi sina mizani."

Alikuwa na gorogoro, lile kopo la kupimia. Anaijaza omena mpaka juu, anamimina kwenye mfuko wa mteja, halafu anachota kwa mkono na kuongeza kidogo. Hiyo nyongeza ndiyo inayomrudisha mteja, na ukubwa wake unategemea mteja mwenyewe. Nikamwomba anionyeshe alivyoandika mauzo ya jana. Akatoa daftari lililokunjika: vijistari vya kalamu, kila kimoja gorogoro moja, na pembeni majina ya waliochukua kwa deni. Nilikaa na daftari lile muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa na ripoti yoyote.

Wale saba hawakunidanganya. Wananijua, wanajua nakusudia nini, kwa hivyo palipokuwa na pengo walijijazia wenyewe. Mtu asiyenijua hana sababu ya kunisaidia hivyo, na ndiyo maana namtafuta.

M-Pesa yenyewe ilipitia njia hiyo. Ilipojaribiwa mwaka 2005 ilikusudiwa kulipia mikopo midogo, lakini watu wakaanza kutumiana pesa. Ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuwa ni huduma ya kutuma pesa.

Wenzangu wengi wanaounda programu hukariri kwamba watu watano wanatosha kuijaribu. Ni kweli Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, aliandika hivyo mwaka 2000, kwa hesabu kwamba watano hufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya matumizi. Lakini aliweka sharti: watumiaji wakiwa makundi yanayotofautiana sana, kila kundi lijaribiwe kivyake. Sharti hilo husahaulika sana, na linaniuma, kwa sababu anayeachwa nje ni yule yule kila mara. Watano wa Milimani, mtaa wa wenye uwezo, hawawezi kumsemea mama wa Kibuye.

Kumfikia kunahitaji subira. Ukitokea sokoni na karatasi mkononi unadhaniwa ni mtu wa ushuru wa kaunti, na majibu yanakuwa ya mkato. Mimi huingia na mtu anayefahamika pale, mara nyingi mwenyekiti wa chama cha akina mama. Nasalimia, nanunua, nangoja wateja wapungue. Naeleza nitayafanyia nini maneno yake, na siwashi kinasa sauti kabla hajakubali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai ridhaa au sababu nyingine halali. Hata isingedai, ni haki yake.

Sijawahi kupata faida yoyote kwa kuuliza "Je, ungependa programu kama hii?" Mgeni haambiwi hapana. Nauliza: jana jioni ulihesabuje? Aliyekukopa mara ya mwisho, ulimkumbukaje? Kisha nanyamaza na kutazama. Siku ile niliona vidole vyenye magamba vikigusa kioo bila kuitikiwa, kioo chenyewe hakisomeki kwenye jua la saa saba, na simu yake mwenyewe ni kabambe, ile ndogo ya vitufe. Simu janja ni ya bintiye.

Nilipomwonyesha ripoti ya kila wiki, alitikisa kichwa. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti samaki, mzigo unapungua na bei inapanda. Yeye hupima faida kwa giza na mbalamwezi, hivyo wiki yetu inayoanza Jumatatu haimwambii kitu.

Tumekiondoa kisanduku cha kilo. Sasa muuzaji anaandika jina la kipimo chake mwenyewe. Niliporudi na toleo jipya, aliandika "goro", akaongeza tano, akaridhika. Kisha akauliza nyongeza inaingia wapi. Bado haina mahali. Jumapili hii narudi Kibuye na michoro mitatu ya karatasi, aichague au aikatae yote.