Kiu ndani ya ngama: kilichowaua watumwa katika bahari ya Atlantiki

Zikitajwa meli za watumwa, wengi hukumbuka mchoro wa Brookes, meli ya Liverpool, uliochapishwa Uingereza mwaka 1788: watu wamelazwa ndani ya ngama, yaani tumbo la meli, ubavu kwa ubavu kama ng'onda, kila mwanamume na nafasi ya futi 6 kwa inchi 16. Watu wanaoonekana pale ni idadi ambayo sheria ya mwaka huo iliiruhusu, wasiozidi 454. Kabla ya sheria hiyo Brookes iliwahi kubeba zaidi ya 600. Hata hivyo, msongamano peke yake hauelezi vifo. Kati ya Waafrika wapatao milioni 12.5 waliopakiwa, takriban milioni 1.8 hawakufika, na ugonjwa uliowamaliza wengi ulikuwa kuhara damu.

Wanaume walifungwa pingu za miguu wawili wawili. Mapipa ya kujisaidia yalikuwa machache, na mwenye kuhara alilazimika kumburuta mwenzake juu ya miili ya watu gizani ili alifikie moja. Wengi walishindwa, wakajisaidia pale pale walipolala. Bahari ikichafuka, matundu ya hewa yalifungwa na turubai likafunika milango ya sitaha, joto likapanda, na uchafu ukasambaa kwenye mbao. Alexander Falconbridge, tabibu aliyesafiri na meli hizo, alieleza kwamba sakafu ilijaa damu na kamasi ikawa kama ya machinjioni.

Sasa ongeza suala la maji. Kwa maelezo ya Falconbridge, chakula kilitolewa mara mbili kwa siku, na kila mlo uliambatana na nusu painti ya maji. Hiyo ni kama nusu lita kwa siku nzima. Mtu mzima mwenye afya katika joto huhitaji lita mbili hadi tatu, na anayehara huweza kupoteza lita kadhaa kwa siku pamoja na chumvi za mwili. Macho huzama, mapigo ya moyo hudhoofika, kisha mtu hulegea, hajali tena chakula wala wito. Manahodha waliiita hali hiyo huzuni. Huzuni ilikuwepo, tena kubwa, na wako waliokataa kula kwa makusudi, wakafunuliwa vinywa kwa chuma. Lakini dalili nyingi zilizoandikwa ni zilezile za mwili uliokauka.

Kwa nini maji yasiongezwe? Piga hesabu: watu 400, siku 75, lita mbili kila mmoja. Hizo ni lita 60,000, yaani tani 60, bila kuhesabu mabaharia. Kila pipa la maji lilichukua nafasi ambayo mwenye meli alitaka kuijaza mtu wa kuuzwa. Mapipa nayo yalivuja, na maji yalioza njiani.

Mwaka 1781 meli ya Zong iliondoka Accra na watu 442. Mabaharia waliikosea Jamaica wakaipita, wakadai maji hayatoshi, wakawatupa baharini watu wapatao 132 wakiwa hai. Wenye meli walidai fidia ya bima, pauni 30 kwa kila mtu. Baadaye ilielezwa mahakamani kwamba mvua ilinyesha kabla mauaji hayajaisha, na kwamba Zong ilitia nanga Jamaica ikiwa bado na galoni 420 za maji.

Urefu wa safari ndio uliozidisha hatari. Kutoka Angola hadi Brazili meli zilitumia kama wiki tano, lakini kutoka Msumbiji, kwa kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ilichukua miezi miwili au zaidi, tena kupitia baridi na dhoruba. Kwa safari zote kwa ujumla, alikufa kama mtu mmoja kati ya saba. Kwa waliotoka pwani ya kusini-mashariki ya Afrika, zaidi ya laki tano, alikufa karibu mmoja kati ya watano. Wamakua, ambao ndugu zao wako Masasi na Mtwara hadi leo, walikuwa miongoni mwao.

Tarehe 3 Desemba 1794 meli ya Kireno São José iling'oa nanga Kisiwa cha Msumbiji kuelekea Maranhão, Brazili, ikiwa na watumwa zaidi ya 400. Siku 24 baadaye ilivunjika kwenye miamba karibu na Cape Town. Walikufa 212. Walionusurika waliuzwa hapo hapo. Wazamiaji wameopoa vipande vya chuma vya farumi, vilivyowekwa kwa sababu shehena ya watu ni nyepesi na husogea, hivyo meli huhitaji uzito wa kuituliza.

Kushuka pwani hakukuwa mwisho wa vifo, kwa kuwa kuhara, ndui na kiseyeye vilishuka pamoja na abiria. Mwaka 1996, jijini Rio de Janeiro, watu waliokuwa wakikarabati nyumba yao walichimba sakafu wakakuta mifupa. Lilikuwa kaburi la waliofika Brazili hai wakafa kabla ya kuuzwa.