Vimeng'enya vya lisosomu vinatafuta nini kwenye maji ya damu?

Mtoto mwenye bandama kubwa akifikishwa kliniki hapa Kigoma, kipimo cha kwanza ni cha malaria, na ndivyo inavyopaswa. Utafiti wa kitaifa wa 2017 ulikuta malaria kwa karibu robo ya watoto wa mkoa huu wenye umri wa chini ya miaka 5. Malaria ikikosekana, huangaliwa selimundu, na kwa watoto wanaoshinda ziwani huangaliwa kichocho. Lakini wapo wachache ambao majibu yote yametoka safi, dawa zimemezwa, chale zimeshachanjwa ubavuni, na tumbo bado linakua. Kwa hao ndipo sisi wa maabara tunapoulizwa habari za lisosomu.

Lisosomu ni kifuko kidogo ndani ya seli. Kimejaa asidi na vimeng'enya zaidi ya 50 vinavyovunjavunja mafuta, sukari ndefu na protini chakavu ili seli izitumie tena. Vimeng'enya ni kisu, kifuko ni ala. Aliyeigundua ala hiyo, Christian de Duve wa Ubelgiji, hakuwa akiitafuta. Alikuwa akichunguza maini ya panya, akapima kimeng'enya kiitwacho fosfatasi asidi na kukuta kidogo kuliko alivyotarajia. Akaweka sampuli kwenye friji. Alipoipima tena siku kadhaa baadaye, kazi ya kimeng'enya ilikuwa imepanda. Hakikuwa kimeongezeka, kilikuwa kimefungiwa, na utando ulipochakaa kikatoka. Jina lisosomu lilitolewa 1955, na mwaka 1974 akapata Tuzo ya Nobeli pamoja na wenzake wawili.

Hata kwa mtu mzima wa afya, kiasi kidogo cha vimeng'enya hivi huwa kwenye seramu, yaani yale maji ya njano yanayobaki juu damu ikishaganda na kuzungushwa kwenye mashine. Watu hutuuliza dirishani: je, havitanila mishipa? Hapana. Vingi hufanya kazi vizuri penye asidi ya pH kama 5 (pH ni kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi huzidi), na damu ina pH 7.4. Humo huwa kama vimelala.

Vikipanda, maana yake mara nyingi ni kwamba mahali fulani seli zinakufa au zinafanya kazi kupita kiasi. Tatizo ni kujua wapi. Kimojawapo, heksosaminidasi, hupanda kwa ugonjwa wa ini, na hupanda pia kwa mjamzito asiyeumwa chochote. Ndiyo maana mjamzito anayepimwa Tay-Sachs, ugonjwa wa kurithi wa ubongo unaotokana na upungufu wa kimeng'enya hicho, hutumiwa chembe nyeupe za damu badala ya seramu. Fosfatasi asidi ilipata sifa tangu 1938 ilipoonekana kupanda kwa wanaume ambao saratani ya tezi dume imeshafika kwenye mifupa. Wakati huo ilikuwa hatua kubwa. Leo kipimo cha PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, kimeshika nafasi yake, kwa hiyo mzee asihangaike kukitafuta kile cha zamani.

Upande wa upungufu ndio unaotuhusu zaidi kwa yule mtoto. Mtu akizaliwa bila kimeng'enya kimoja, taka yake hairundikani siku moja. Hujaa polepole, miaka na miaka. Katika ugonjwa wa Gaucher mafuta hujaa kwenye bandama, ini na uboho: tumbo hukua, damu hupungua, mifupa huuma. Ila kimeng'enya chenyewe cha Gaucher hakipimwi kwenye seramu. Hupimwa kwenye chembe nyeupe au tone la damu lililokaushwa. Kinachoonekana kwenye seramu ni kingine, kitotriosidasi, ambacho hupanda mara mamia. Malaria nayo hukipandisha. Kwa mkoa kama wetu, ongezeko dogo lisimtishe mzazi.

Ugonjwa unaonishangaza kuliko yote unaitwa wa seli-I. Vimeng'enya vinatengenezwa, lakini havibandikwi alama ya kuvielekeza kwenye lisosomu. Ni kama kifurushi kilichopakiwa kwenye basi la Tabora bila jina la mpokeaji: kitasafiri, lakini kitaishia stendi. Kwa mtoto huyu lisosomu zina njaa ya vimeng'enya huku seramu imefurika. Anayesoma seramu peke yake angesema vipo vya kutosha.

Mengi kati ya magonjwa haya hurithiwa kwa baba na mama wote wawili, ambao wenyewe hawaumwi. Kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa, na nafasi hiyo haipungui kwa kuwa mtoto aliyetangulia alizaliwa mzima. Hapo hakuna aliyerogwa, wala hakuna ukoo wa kulaumiwa. Kwa Gaucher, dawa ya kurudisha kimeng'enya kwa njia ya mshipa ipo tangu 1991, ingawa bei yake ni mlima.

Namba pia huharibika kabla ya kufika mashineni. Fosfatasi asidi hufifia ndani ya saa chache seramu ikiachwa mezani kwenye joto letu, na damu iliyopasuka chembe nyekundu hupandisha namba kwa uongo. Kwa safari ndefu, kadi ya matone makavu inafaa zaidi, ileile wanayoijua akina mama waliopimiwa watoto wao VVU, mradi ikauke vizuri kivulini kabla ya kufungwa na isipate unyevu njiani.

Mzazi akija kwetu na mtoto wa namba hii, aje na kadi zote za kliniki, na atueleze bila kuficha kama kuna ndugu wa mtoto huyo aliyefariki akiwa na tumbo kama hilo, na kama wazazi wana udugu wa damu. Majibu hayo mawili humsaidia daktari kuchagua kimeng'enya cha kupima kwanza.