Seva ikikukataa sio sawa na seva ikikaa kimya

Watu wengi wanaonitafuta hapa Kigoma, awe mwenye duka la jumla pale Mwanga au kijana anaejifunza kuandika programu, ujumbe wao unafanana: "kaka, seva imekufa". Swali langu la kwanza huwa moja tu, imekujibu nini? Sijakuuliza umejaribu nini wala umebadilisha nini, hayo baadae. Kwenye mitandao kuna kukataliwa na kuna kimya, na ukishajua umepata lipi kati ya hayo unajua na pa kuanzia kutafuta, ila watu wanayachanganya wanaanza kuzima na kuwasha, kufungua faiawoli yote (ule ukuta wa kuchuja kinachoingia na kutoka), kusakinisha upya, mpaka ushahidi wenyewe unapotea.

Chukulia umeenda kwa mtu umepiga hodi. Akitoka mtoto akakwambia huyo mtu hapa hayupo, hilo ni jibu, njia umeipata na nyumba ndo hiyo. Ukipiga hodi kimya, hapo hujui kitu, labda umekosea nyumba, labda wapo hawataki kufungua, labda geti la nje limefungwa na sauti yako haijafika ndani. TCP, ile kanuni ambayo kompyuta zinaunganishia mtandaoni, inafanya hivo hivo tangu kanuni zake zilipochapishwa mwaka 1981. Kompyuta yako inatuma pakiti (kifurushi kidogo cha data) ya SYN, ile ya kuomba konekisheni, na kama mashine ya upande wa pili iko hewani lakini hamna programu inayosikiliza kwenye porti unayoiomba (mlango wenye namba), inarudisha pakiti ya RST, ile ya kukataa, na wewe unaona "Connection refused" papo hapo. Kama pakiti imepotelea njiani, au kuna faiawoli inayoitupa bila kusema neno, hurudishiwi chochote, kompyuta inasubiri sekunde 1 inatuma tena, inaendelea hivo huku muda wa kusubiri ukija kuongezeka mara mbili mbili, na Linux ambayo hujaigusa mipangilio yake inakata tamaa baada ya kama dakika mbili na kidogo, ndo unaletewa "Connection timed out".

Kwa hiyo hata muda uliokaa unasubiri ni sehemu ya jibu. Umekataliwa haraka? Umefika. Imekaa kaa? Hujui umefika wapi. Tumia `curl -v`, amri ya kujaribu kuunganisha, na anwani unayoitafuta, mwisho itakupa namba: 6 maana yake jina halikupatikana, hilo ni la DNS (daftari la kugeuza majina kuwa anwani) na seva yako haijaguswa kabisa, 7 imeshindwa kuunganisha na mara nyingi umekataliwa (soma na maneno yanayofuata), 28 muda umeisha. Nitumie namba hiyo na mstari wake mzima, inanifaa kuliko picha ya skrini iliyokatwa nusu.

Kukataliwa ni kwepesi. Mtandao wako mzima, kuanzia laini yako mpaka kwenye ile mashine, karibu kila mara ni mzima, acha kuugusa. Ingia kwenye seva uandike `ss -tlnp` uone nani anasikiliza wapi. Ama programu yako haijawaka kabisa, na hapo kasome logi zake (kumbukumbu za matukio yake), ama imewaka ila inasikiliza 127.0.0.1 peke yake, yaani inajibu waliomo ndani ya mashine hiyo hiyo tu. Databezi ya Postgres inakuja hivo, inasikiliza localhost (ndo hiyo 127.0.0.1) kwenye porti 5432, MySQL ya Ubuntu nayo hivo hivo kwenye 3306, na ni sahihi kabisa kwa usalama. Wanaotumia Docker, inayoendesha kila programu ndani ya boksi lake liitwalo kontena, wanasumbuka zaidi maana localhost ndani ya kontena ni kontena yenyewe, sio seva, sasa programu iko kontena moja inatafuta databezi kwenye localhost wakati databezi iko kontena nyingine, lazima ikataliwe, mpe jina la ile kontena nyingine kwenye mtandao wao wa pamoja basi. Na tafadhali usitatue kwa kuifungua databezi kwa dunia nzima. Docker ikichapisha porti inapita pembeni ya kanuni za ufw (faiawoli ya Ubuntu), unaweza ukaangalia ufw ikakwambia imefunga kumbe porti iko wazi intaneti nzima. Kama unataka kuiona databezi ukiwa nyumbani, pita kwenye taneli ya SSH (njia ya siri ndani ya konekisheni ile ya kuingilia seva kwa mbali).

Hata Nginx, ile inayopokea maombi ya wavuti na kuyapeleka ndani, ukiiweka mbele ya programu yako inakuletea habari hiyo hiyo kwa namba. Mara nyingi 502 maana yake Nginx imeenda kwa programu yako ikakataliwa au ikakatiwa katikati, kaangalie kama imeanguka. 504 maana yake imeenda, imesubiri, kimya, na kawaida inasubiri sekunde 60. Kwa hiyo ya 504 kuiwasha programu upya kunaficha tatizo tu, kuna kitu humo ndani kinasubiri kitu kingine.

Sasa kimya, hapa ndo penye kazi.

Kifaa ninachokipenda hapa ni tcpdump, kinakuonyesha pakiti zinazopita. Kwenye seva andika `tcpdump -ni any tcp port 443`, weka porti yako, halafu mtu ajaribu kuunganisha toka nje. Ukiona SYN yake inaingia na haijibiwi, pakiti imefika na kikwazo kiko kwenye mashine hiyo hiyo, karibu kila mara faiawoli yake. Usipoona kitu kabisa, pakiti imeishia huko nje: faiawoli ya kampuni unayokodi seva (nyingi zinatupa kimya kimya), rauta, au mtandao wa simu. Jaribio moja tu na umeshaugawa ulimwengu vipande viwili, na mimi sigusi mpangilio wowote kabla ya hapo.

Kimya kinachowatesa sana watu wa huku ni cha rauta za laini. Mtu ana ghala la mawese, ana kompyuta yenye mfumo wa mauzo hapo ghalani, anataka akiwa Dar auone. Anafungua porti kwenye rauta kama alivyoona kwenye video, anajaribu, kimya, anafungua tena, kimya. Angalia anwani ambayo rauta imepewa na mtandao. Ikianzia 100.64 mpaka 100.127 basi hiyo haiko kwenye intaneti ya wazi, ni eneo lililotengwa Aprili 2012 kwa ajili ya mitandao inayogawana anwani moja ya nje kwa wateja wengi, kwa sababu anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima na zilishagawiwa. Ikianza na 10 ni habari hiyo hiyo. Porti unayoifungua kwenye rauta yako iko nyuma ya geti ambalo sio lako, hata ukesha hapo haitafunguka. Dawa ni kugeuza mwelekeo, kompyuta ya ghalani ndo itoke nje ikaunganishe kwenye kiseva kidogo cha kukodi chenye anwani ya wazi, kwa WireGuard (VPN, yaani mtandao binafsi unaopita ndani ya intaneti) au kwa taneli ya SSH ya kurudi nyuma, na wewe wa Dar unapitia hapo hapo.

Ukishaiunganisha utakutana na kimya cha pili: inafanya kazi vizuri, unaenda kula, ukirudi imeganda. Mtandao wa simu unaweka kumbukumbu ya kila konekisheni inayopita, isipopita pakiti kwa muda fulani wanaifuta, na hawakwambii. Pande zote mbili zinaamini bado zimeunganishwa. TCP yenyewe ina namna ya kugongagonga kuulizia kama mwenzake yupo, lakini kwa Linux inasubiri sekunde 7200 kabla ya kuuliza, hayo ni masaa mawili, na hata hivyo programu iwe imeomba. Weka PersistentKeepalive 25 kwenye WireGuard, ServerAliveInterval 30 kwenye SSH, na kwenye konekisheni za databezi washa keepalive yake (huko kugongagonga).

Cha tatu kinachanganya hata wazoefu, kimya nusu. Ping (amri ya kuuliza kama mashine ipo) inaenda, SSH inaingia, ukiandika amri fupi inajibu, ukisema `ls` kwenye folda kubwa inaganda. Tovuti inafunguka kichwa, mwili hauji. Hapo pakiti ndogo zinapita na kubwa hazipiti, kawaida ni baiti 1500, ila ukipitia VPN kuna nafasi inaliwa na bahasha ya juu (WireGuard inashuka mpaka 1420), na ile taarifa ya ICMP (ujumbe ambao mtandao unautoa kuhusu hali yake) ya kusema "pakiti yako kubwa, ipunguze" kuna fundi ameizuia kwenye faiawoli akidhani anaongeza usalama. Jaribu `ping -M do -s 1472` kwenda kwenye anwani ile, ikigoma shusha mpaka ipite, ongeza 28 kwenye namba iliyopita, hiyo ndo MTU yako, yaani pakiti kubwa kabisa inayopita. Na jamani tusizuie ICMP yote, inafanya kazi ya maana.

Kuna jibu jingine ambalo ni kukataliwa kwa maelezo, na watu hawasomi maelezo. La huku kwetu kabisa ni la saa. Burundi na Kongo ya mashariki wako nyuma yetu lisaa limoja, sisi ni UTC+3 wao UTC+2 (UTC ni saa ya pamoja ya dunia). Ukielekea Kagunga au Manyovu simu inaweza kushika mnara wa ng'ambo, na ukanda wa saa unabadilika wenyewe. Hapo bado hakuna kilichoharibika, ndani ya simu muda wa UTC ni ule ule. Linaharibika pale mtu anapoona saa imerudi nyuma, anaisogeza mbele kwa mkono huku ukanda bado ni wa Bujumbura, sasa simu inaamini iko lisaa moja mbele ya dunia nzima, tokeni (vibali vya muda vya kuingia) zinaonekana zimeisha kabla hazijatumika na namba za uthibitisho zinazobadilika kila sekunde 30 zinagoma zote. Mteja anasema mfumo umeharibika, developa anatafuta kosa kwenye msimbo, wakati ujumbe wenyewe umesema wazi "token expired". Warudishe kwenye ukanda wa Dar es Salaam na saa ya kujipanga yenyewe. Na kwenye msimbo wako hifadhi UTC, badilisha kuwa saa ya hapa wakati wa kuonyesha tu, vinginevyo mauzo ya dagaa wa Kagunga yataingia na saa ambayo sio yake.

Sasa nije kwenye programu zenyewe, maana kimya hakiishii kwenye nyaya. Ukitumia maktaba ya requests ya Python, ile ya kutuma maombi ya wavuti, bila kuweka timeout (kikomo cha kusubiri), haina kikomo, itasubiri mpaka kesho. Ukiwa na wafanyakazi 4 kwenye Gunicorn (inayoendesha programu za wavuti za Python, kila mfanyakazi ni nakala moja) na kila mmoja anasubiri API iliyonyamaza, yaani huduma ya nje unayoiita, mfumo wako mzima umesimama ingawa msimbo wako hauna kosa jingine. Weka kikomo kila sehemu. Kiasi gani? Kwa sisi tulio mbali usiige namba za watu walio mtaa mmoja na seva. Nuru kwenye faiba inakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, njia ya kilomita 10,000 kila upande, kwenda na kurudi ni milisekunde 100 hata kama hakuna kinachochelewesha, na toka huku pakiti inaanza na zaidi ya kilomita 1,000 za nchi kavu kufika Dar kabla haijaigusa bahari. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, tuliona wote namna trafiki inavyobanana ikibaki na njia chache. Mimi kwa kuunganisha naweka sekunde 4, kwa sababu SYN ikipotea inatumwa tena angalau kwenye sekunde ya 1 na ya 3, nataka hizo nafasi zitumike, na kusubiri jibu naweka kulingana na kazi yenyewe.

Halafu kikomo kikifika unafanya nini? Kwa kusoma taarifa, jaribu tena, hamna shida. Kwa malipo, simama hapo. Ukikataliwa wakati wa kuunganisha una uhakika ombi halijafika. Ukipata kimya baada ya kutuma, huna uhakika wa chochote, inawezekana hela imeshakatwa na ni jibu tu limepotelea njiani. Nimeona msimbo wa mfumo wa malipo unaosema ikipita sekunde 10 andika "imeshindikana" halafu mwambie mteja alipe tena, na mama anaenunua dagaa Kibirizi anakatwa mara mbili kwa mzigo mmoja, hela ya mtaji hiyo, na kuirudisha ni simu na foleni. Hali ya malipo lazima ziwe tatu, imefanikiwa, imekataliwa, haijulikani, na ile ya tatu ikae kwenye databezi kwa jina lake.

Inavyokwenda ni hivi. Kabla ya kutuma ombi tengeneza namba ya kipekee ya muamala, UUID (namba ndefu isiyojirudia) inatosha, iandike kwenye databezi ikiwa "inasubiri", ndo utume ukiwa umeiambatanisha. Ukipata kimya usitengeneze namba mpya, uliza hali ya namba ile ile, na kama mtoa huduma anaitambua namba iliyorudiwa unaweza kutuma tena kwa namba hiyo hiyo bila hofu. Taarifa ambayo mtoa huduma anairudisha kwenye seva yako kuhusu malipo inaweza kuja mara mbili, na inaweza kuja kabla ya jibu la ombi lako la kwanza, kwa hiyo weka kizuizi cha upekee kwenye safu ya namba ya muamala pale unapoziandika taarifa hizo ili databezi yenyewe ikatae ya pili, usitegemee `if` kwenye msimbo maana maombi mawili yakiingia kwa pamoja yote yanaipita. Mteja mwoneshe "tunahakiki malipo yako, usilipe tena", na skripti ya kila dakika chache ipite kwenye zote zinazosubiri iziulizie mpaka kila moja ipate jibu, iwe ndio au hapana.