UB40 ya mwanzo na UB40 ya baadaye: dhana potofu na ukweli

Wapenzi wa rege wakianza kubishana kuhusu UB40, huzuka kambi mbili. Moja inashikilia kwamba bendi ile iliishia 1983. Nyingine haina habari kwamba iliwahi kuwepo kabla ya "Red Red Wine", wimbo wao uliovuma mwaka huo. Zote mbili zina maswali ya kujibu.

Dhana: Walianza kama wanaharakati, wakaishia kujiuza kwa nyimbo za mapenzi.

Nusu yake ni kweli, ndiyo maana dhana hii haifi. Vijana hawa wa Birmingham walioungana 1978 walichukua jina la bendi kwenye fomu ya serikali ya Uingereza ya posho ya wasio na kazi, na jalada la albamu yao ya kwanza, Signing Off (1980), ni nakala ya fomu hiyohiyo. Ndani yake kuna "Tyler", wimbo unaomtetea Gary Tyler, kijana mweusi aliyefungwa Louisiana, Marekani, kwa kesi ya mauaji na asiachiwe mpaka 2016. Kuna pia "Madam Medusa", kijembe kwa Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo.

Ila siasa haikukoma hapo. "If It Happens Again" ya 1984 ilimrudia Thatcher baada ya kushinda uchaguzi mwingine, na "Sing Our Own Song" ya 1986 ililaani ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, kwaya ikipaza "Amandla awethu" (nguvu ni yetu). Huo ndio wakati ambao tunaambiwa walikuwa wameshasaliti.

Dhana: Nyimbo za zamani ni nzito mno, si za kucheza dansi.

Waulize waliocheza "Food for Thought". Saksafoni ya Brian Travers inakuvuta kabla hujasikia neno hata moja, na 1980 wimbo ulifika nafasi ya 4 Uingereza ukitoka kwenye lebo ndogo tu. Unazungumzia njaa na unafiki wa wanaokula wakashiba. Wengi walicheza bila kulijua hilo. Hata wasikilizaji wa Uingereza kwenyewe waliukosea mstari mmoja maarufu, wakadhani mwimbaji anajisifu, kumbe anamtaja Madonna (Bikira Maria) wa pembe za ndovu anayekufa mavumbini.

Dhana: Labour of Love (1983) ilikuwa biashara tupu.

Pesa iliingia, tena nyingi. Lakini albamu ile ni ya nyimbo za rege walizokua nazo: "Cherry Oh Baby" ya Eric Donaldson, "Many Rivers to Cross" ya Jimmy Cliff na nyinginezo. "Red Red Wine" waliijua kwa sauti ya Mjamaika Tony Tribe, aliyeitoa 1969. Kwamba mtunzi ni Neil Diamond, Mmarekani, walikuja kushangaa baadaye. Na wimbo haukulipuka kila mahali mara moja: Uingereza ulikamata namba 1 mwaka uleule, Marekani ulisubiri hadi 1988.

Dhana: Kilichobadilika ni mashairi.

Hapa ndipo ninapowapa haki kidogo wenye kulalamika, ingawa wanalaumu pasipo: kilichobadilika ni sauti ya muziki wenyewe. Signing Off ilirekodiwa nyumbani kwa prodyuza Bob Lamb, na baadhi ya ala za kugonga zilipigwa nje bustanini. Ukitega sikio vizuri unasikia ndege. Besi ya Earl Falconer imeachiwa nafasi, ala nyingine zinaingia na kutoka kama zinapokezana. Sasa weka Labour of Love II ya 1989, yenye "Kingston Town": kila kitu kinang'aa, kimepigwa pasi, hakuna upenyo. Ni kazi safi, sikatai, na sauti ya Ali Campbell ni ileile. Mimi naikosa ile hewa.

Dhana: Ali Campbell aliondoka 2008 kwa ugomvi wa muziki.

Yeye alitaja uendeshaji wa biashara na fedha za bendi. Aliyeondoka kwa sababu ya muziki ni Astro, mwimbaji mwenzake, 2013, baada ya wenzake kuchepukia muziki wa kantri.

Na kambi zote mbili zina deni moja: albamu ya Geffery Morgan ya 1984. Ilitoka baada ya "Red Red Wine", nyimbo zote ni zao wenyewe, na kwenye mabishano haya ni nadra kusikia mtu akiitaja.