Deni la dola halilipwi kwa shilingi

Juzi barazani Ngamiani, hapa Tanga, mzee mmoja aliyekuwa akipoza kahawa yake aliniuliza: "Mwanangu, noti si zetu wenyewe? Kwa nini wasichape za kutosha wakamaliza hilo deni la nje la Taifa?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali lake limegusa penyewe.

Mkopeshaji wa nje hataki shilingi. Anataka dola, yuro au yeni. Ukichapa noti, bado utazipeleka sokoni kununulia dola, na shilingi zikizagaa, dola inapanda bei.

Mchukue mvuvi wa mwalo wa Deep Sea hapa Tanga aliyekopa dola 1,000 za mashine ya boti mwanzoni mwa 2023, dola ikiwa shilingi 2,300 hivi. Anadaiwa 2,300,000. Mwaka uliofuata dola ikavuka 2,600. Hajakopa tena hata senti, na riba tuiweke kando, lakini deni limeshafika 2,600,000. Zile laki tatu zimeota zenyewe, naye changu na kibua anauza kwa shilingi. Serikali nayo hukusanya sehemu kubwa ya kodi kwa shilingi, kisha inadaiwa kwa fedha za kigeni.

Dola hizo huletwa zaidi na tunavyouza nje, na hapa Tanga tunalijua hilo kwa uchungu. Mwaka 1964 nchi ilizalisha mkonge tani 230,000 hivi. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaporomoka, mashamba ya Korogwe na Muheza yakaingia msitu. Mkataba wa mkopo haujui habari ya mkonge. Tarehe ya rejesho ikifika, imefika.

Masharti nayo hutofautiana sana. Mkopo nafuu wa Benki ya Dunia unaweza kulipwa kwa miaka 30 au zaidi, na miaka ya mwanzo hurejeshi mkopo wenyewe. Wa kibiashara una muda mfupi na riba kubwa, pengine riba yenyewe inapanda na kushuka na soko la dunia. Madeni mawili yenye kiasi kilekile, moja unalibeba, jingine linakubeba.

Ndiyo maana mkiambiwa deni ni "himilivu", yaani linabebeka, msiishie kwenye ule ukomo wa asilimia 55 ya Pato la Taifa unaotajwa kila bajeti. Mimi hukimbilia vipimo viwili visivyo na umaarufu. Kwa nchi yenye uwezo wa kati wa kubeba deni kama yetu, marejesho ya deni la nje yasivuke asilimia 15 ya mauzo ya nje, wala asilimia 18 ya mapato ya Serikali. Pato la Taifa halipelekwi benki kulipia deni. Dola ndizo zinazopelekwa.

Na mdai hasubirishwi. Ibara ya 141 ya Katiba inalidhamini Deni la Taifa kwa Mfuko Mkuu wa Hazina, yaani kapu la mapato ya Serikali. Shilingi ikishuka katikati ya mwaka wa fedha, rejesho linalipwa lilivyo. Inayongoja ni barabara ya kijijini.