Wamo watatu: maswali ya baba mmoja wa Sahare

Maswali haya ni ya mvuvi wa dagaa wa Sahare, hapa Tanga mjini. Mke wake ana mimba ya wiki 17 na ametoka kuambiwa kwenye utrasaundi kwamba wamo watatu. Mtoto wao wa kwanza ana miaka minne, na alizaliwa salama bila mizunguko. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha, yaliyobaki nimeyaacha alivyouliza.

Mtaani wananiambia nina damu kali. Wengine wanasema mambo ambayo sitaki hata kuyarudia. Hawa watatu wametoka wapi?

Damu yako haihusiki, baba, samahani kukunyima sifa. Mapacha wasiofanana hupatikana mama anapotoa mayai zaidi ya moja katika mwezi mmoja, na tabia hiyo hutembea kwenye ukoo wake, si wako. Wanaofanana hutokana na yai moja lililokwisha kurutubishwa, likagawanyika, na hapo ni bahati tu. Watatu wanaweza pia kuwa mchanganyiko, wawili wa yai moja na mmoja wa yai lake. Bila dawa za kusaidia kupata mimba, hutajwa kuwa ni mimba moja katika kila 8,000 hivi. Hayo mengine ya mtaani yaache hukohuko.

Kwenye karatasi ya utrasaundi wameandika habari za kondo. Mimi inanihusu nini?

Inakuhusu kuliko kujua kama ni wa kike au wa kiume. Kila mtoto akiwa na kondo lake la nyuma, hatari hupungua. Wakichangia kondo, damu inaweza kupita kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake, huyu akapungukiwa na yule akazidiwa, na wote wawili wakawa hatarini. Mimba ya namna hiyo huangaliwa kwa utrasaundi kila wiki 2 kuanzia wiki ya 16. Jambo hili huonekana vizuri kabla ya wiki ya 14. Baadaye makondo husogeleana na hata mpimaji mzoefu hubabaika. Kwa hiyo kama kuna picha ya mapema, itie kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki, iende kila mnakokwenda. Kama haijaandikwa wazi ni makondo mangapi, rudini mkaulize wiki hii.

Mkiwa hukohuko, ulizeni pia kuhusu aspirini ya dozi ndogo. Hupewa wanawake walio katika hatari kubwa ya kifafa cha mimba, na kubeba zaidi ya mtoto mmoja ni sababu moja ya kuwa katika hatari hiyo. Hufanya kazi vizuri ikianzwa mapema, ila asijinunulie mwenyewe dukani.

Nimehesabu miezi tisa. Je, nipange kwa hesabu hiyo?

Usipange kwa tisa. Mapacha watatu huzaliwa, kwa wastani, kati ya wiki ya 32 na ya 34, na wapo wanaotoka mapema zaidi. Wachache sana hufika wiki ya 37. Hata mimba ikienda vizuri kabisa, madaktari wengi hupanga kuwatoa karibu na wiki ya 35. Sasa hivi mko 17. Mimi ningekuwa wewe, kila kitu kingekuwa tayari wiki ya 28, yaani ndani ya wiki 11 kutoka leo: pesa, usafiri, watu wa kutoa damu, mtu wa kubaki na huyo wa miaka minne. Kama unacheza mchezo wa kupeana pesa, mwombe kijumbe akupe zamu ya mapema.

Giza likiingia tunakwenda kuvua na karabai, narudi alfajiri. Huko simu haishiki. Uchungu ukimkuta usiku?

Nakaa kwenye swali hili kwa sababu nimeona wanawake waliochelewa wakati hospitali iko karibu na gari lipo. Kilichowachelewesha ni neno moja: "Tumsubiri baba watoto."

Toa ruhusa yako leo. Iseme mbele ya mama yako, mbele ya jirani wa ukuta mmoja, na mbele ya mkeo mwenyewe: akijisikia vibaya anaondoka, hamsubiri mtu, hapigi simu kuomba. Wazee huwa wanaitikia "sawa" kwa mdomo, kwa hiyo rudia mara ya pili na ya tatu. Kisha pesa ya dharura iwe kwenye laini yake, si yako, na namba ya siri awe anaijua yeye. Pesa iliyo kwenye simu yako iko baharini pamoja na wewe.

Usafiri: tafuta madereva wawili wa bajaji wanaolala mtaa wenu, mmoja akiwa safarini mwingine yupo. Waonyeshe mlango mchana. Bodaboda kwa mimba hii hapana, hata kama ni hatua chache. Ipo pia namba 115 ya mfumo wa m-mama, ambayo hupigwa bure kwa dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Hutuma gari la wagonjwa, au dereva wa jamii pale gari linapokosekana. Iandike kwa makaa ukutani kama ni lazima, maana mtu akibabaika hakumbuki alikohifadhi namba.

Akiondoka aende moja kwa moja hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, asianzie zahanati. Mtandao wa 115 ukisema apitie kituo fulani, wafuate wao.

Ni dalili zipi za kuondoka nazo bila kusubiri asubuhi?

Tumbo kukaza na kuachia mara kwa mara kabla ya wiki ya 37, hata kama haliumi sana. Maumivu ya kiuno yanayokuja na kuondoka. Majimaji kuchuruzika, damu yoyote, homa. Watoto kutulia kuliko kawaida yao.

Kuna kundi jingine linalodharauliwa: kichwa kinachouma sana na hakiishi kwa panadoli, kuona maluweluwe, maumivu chini ya chembe cha moyo, uso na mikono kuvimba ghafla. Hizo ni dalili za presha ya mimba inayoelekea kwenye kifafa cha mimba. Pwani bado wapo watakaosema ni shetani na kutafuta kombe la dua kwanza. Sina ugomvi na dua, isomeni ndani ya bajaji.

Sababu ya haraka ni hii pia: akifika mapema uchungu ukiwa umeanza kabla ya wiki ya 34, daktari anaweza kumpa sindano za kukomaza mapafu ya watoto. Zinahitaji muda kidogo kufanya kazi. Akifika watoto wanatoka, muda huo haupo tena.

Mama mkwe anataka binti yake aende kujifungulia kwao, Pangani vijijini, kama ilivyo desturi.

Desturi ni nzuri, ila mimba hii ifanyeni kinyume: mama mkwe aje mjini. Nenda mwenyewe ukamwambie, usitume ujumbe kwa simu, na uende na mjomba wa mkeo au mtu mzima anayemsikiliza. Mweleze kwamba wataalamu wametaka binti yake awe karibu na chumba cha upasuaji na wodi ya watoto wachanga, na kwamba mnamhitaji yeye, maana mwenye kujua kulea arobaini ni yeye. Mtayarishie chumba kabla hujafungua mdomo. Anayeishi mbali na mji, aangalie ndugu wa Ngamiani au Makorora, hapa mjini, wa kukaa naye kuanzia wiki ya 28 hivi.

Ale nini? Na vile vidonge vyekundu vinamchafua tumbo.

Hivyo ni FEFO, vya madini ya chuma na foliki. Watatu hunyonya chuma kwa kasi, na damu chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu. Kichefuchefu hupungua akimeza usiku baada ya kula. Kinachoharibu kazi ni chai, na sisi watu wa Tanga kwa chai hatujambo: chai ya rangi na mahamri, kisha kidonge juu yake, chuma kingi kinapita bila kufyonzwa. Chai ikae mbali na kidonge saa mbili hivi. Badala yake amezee juisi ya chungwa la Muheza, hilo husaidia chuma kuingia. Udongo wa kutafuna aache.

Dagaa unao mwenyewe, usiwauze wote. Maharage, mbaazi, maziwa, mchicha, na mayai bila kusikiliza wanaoyakataza. Tumbo likipanda atashindwa kumaliza sahani, hivyo ale kidogokidogo mara sita. Dawa ya kuzuia malaria ya kliniki asikose, na chandarua kila siku. Mizizi ya kuongeza uchungu isiingie nyumbani kwako. Kizazi kilichotanuka kwa watatu hakichezewi.

Alale tu kitandani? Na kufunga Ramadhani? Na… tendo la ndoa?

Kulala kutwa hakusaidii kuzuia uchungu wa mapema na kunaweza kugandisha damu miguuni. Atembee, apumzike, alale kwa ubavu. Ndoo za maji ni zako sasa. Kufunga, dini imempa ruhusa, aitumie. Kuhusu la tatu, kama kuna damu, tumbo kukaza au mlango wa kizazi umefupika, acheni. Kama hakuna, ulizeni kliniki bila haya, maana jibu hutofautiana.

Wamesema huenda akapasuliwa. Nijiandae vipi?

Watatu mara nyingi huzaliwa kwa upasuaji. Kizazi kilichotanuka sana huchelewa kujikaza, na hapo damu hutoka nyingi, kwa hiyo tayarisha wachangiaji. Wenzako wa chomboni wanafaa: miaka 18 hadi 65, kilo 50 kwenda juu, mwanaume kila baada ya miezi 3. Wachangie kabla, msisubiri siku yenyewe mwezi uwe giza na wote wako majini. Kwa sera, huduma za uzazi katika vituo vya serikali hazilipiwi, lakini weka akiba. Kuna siku kitu fulani kitakuwa kimeisha.

Wakizaliwa njiti, mimi mwanaume naruhusiwa kuwashika?

Unatakiwa. Mama atakuwa na kidonda na kifua chake ni kimoja kwa watoto watatu. Wengi wa watoto hawa huzaliwa chini ya kilo 2 na hupoteza joto upesi. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi 5, Tanzania ikiwemo, uliotoka mwaka 2021, ulionyesha kuwa watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vyao katika siku 28 za kwanza vilipungua kwa asilimia 25 kuliko waliosubirishwa hadi hali itulie.

Inafanywa hivi. Unaoga kwanza, harufu ya dagaa na sigara ibaki nje. Unavua shati. Mtoto amevaa nepi, kofia na soksi tu. Anasimamishwa katikati ya kifua chako, ngozi kwa ngozi, kichwa kimegeuzwa upande na kidevu kimeinuka kidogo ili pua isibanwe, miguu imekunjwa kama ya chura. Nesi anafunga khanga kuanzia chini ya sikio la mtoto hadi kwenye makalio yake, imara kiasi kwamba ukisimama hatelezi. Unakaa kwa kuegemea nyuma, saa nyingi, si dakika kumi za kupiga picha.

Maziwa ya mama yakikamuliwa, kila mtoto hulishwa kama mara 8 kwa siku. Kwa watatu ni mara 24. Kuosha na kuchemsha vikombe hivyo ni kazi yako, pamoja na kumwangalia mama yao: akiwa na huzuni isiyoisha wiki mbili, au hataki kuwaona watoto, mwambie nesi.

Mke wangu ameajiriwa. Likizo ikoje?

Sheria ya ajira inampa siku 84 zenye malipo kwa mtoto mmoja, na siku 100 akijifungua zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Marekebisho ya mwaka 2025 yamewaongezea muda wazazi wa watoto njiti. Baba aliyeajiriwa ana angalau siku 3. Wewe umejiajiri, hivyo zungumza na nahodha mapema. Mkeo apeleke barua kazini sasa, pamoja na nakala ya karatasi ya daktari inayotaja watoto watatu, na yeye abaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.